Fikra ya Kianabaptisti na Falsafa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa teolojia, walimu wa falsafa na waumini wa kawaida huyarudia kila mada hii inapozungumzwa. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ambayo bado yanabishaniwa. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, msomaji anaelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Misingi

1. Waanabaptisti ni akina nani?

Ni Wakristo waliotokana na Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, walioshikilia kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamini na kuuomba mwenyewe. Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zürich, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, kisha Blaurock akawabatiza wenzake waliokuwapo. Kwa kuwa wote walikuwa wamebatizwa utotoni, wapinzani wao waliwapa jina la Kigiriki lenye maana ya "wabatizaji upya". Wenyewe hawakulikubali, maana machoni pao kile kilichofanyika utotoni hakikuwa ubatizo. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527 kwa amri ya baraza la mji. Warithi wao wanaojulikana zaidi leo ni Wamennonite, Waamish na Wahutteri.

2. Mazungumzo kati yao na falsafa yanahusu nini hasa?

Yanahusu maswali ambayo falsafa imeyauliza siku zote: mtu anajuaje, yuko huru kiasi gani, neno lake lina uzito gani, nani ana haki ya kutumia nguvu, na mali ni ya nani. Waanabaptisti hawakuyajibu kwa kuandika vitabu vya falsafa. Waliyajibu kwa namna walivyoishi, na mara nyingi mbele ya mahakimu waliokuwa na uwezo wa kuwaua. Kazi ya wasomi wa leo ni kuzitoa hoja zilizofichika katika mwenendo huo na kuzipima kwa ukali uleule ambao hoja nyingine hupimwa.

Naamini hoja moja ndiyo mzizi wa nyingine zote, nayo inahusu maarifa (tazama swali la 4). Asiyeielewa atayaona mengine yote kuwa ni masharti ya dhehebu dogo tu.

3. Je, si kweli kwamba Waanabaptisti waliikataa falsafa?

Ni kweli kwa sehemu. Kizazi cha kwanza kilikuwa na wasomi: Grebel alisoma Vienna na Paris, Manz alijua Kiebrania, na Balthasar Hubmaier alikuwa daktari wa teolojia. Wengi wao waliuawa au kufa mapema, na imani ikabaki mikononi mwa wakulima, wafumaji na washonaji. Hawa waliona kwamba waliotetea hukumu za kuwaua walikuwa madaktari wa vyuo vikuu, ndiyo maana ule msemo wa Kijerumani, kwamba kadiri mtu anavyozidi kusoma ndivyo anavyozidi kupotoka, ulipata wasikilizaji miongoni mwao.

Lakini kumshuku msomi si kukataa kufikiri. Mwaka 1569, mjini Bruges, mtengeneza mishumaa aitwaye Jacob de Roore alihojiwa gerezani na mtawa Cornelis, na mahojiano hayo yamehifadhiwa katika kitabu kikubwa cha mashahidi kilichochapishwa Uholanzi mwaka 1660. Mtawa anamdhihaki: fundi asiyesoma amepata wapi haki ya kufasiri Maandiko? Mfungwa anajibu hoja kwa hoja, hadi mtawa anaishia kutukana. De Roore alichomwa moto. Chini ya kurasa hizo kuna swali halisi la nadharia ya maarifa: ni nani anayestahili kuhesabiwa kuwa mjuzi, na kwa kigezo gani?

## Hoja zenyewe

4. Ina maana gani kusema kwamba "kujua ni kufuata"?

Kauli hiyo inatokana na Hans Denck, Mwanabaptisti wa kizazi cha kwanza aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule huko Nürnberg hadi alipofukuzwa mjini mwezi Januari 1525. Denck alisema kwamba hakuna awezaye kumjua Kristo kwa kweli asipomfuata katika maisha yake. Wanaoikumbuka kauli hiyo mara nyingi husahau nusu yake ya pili: tena hakuna awezaye kumfuata asipokuwa amemjua kwanza. Kwa hiyo Denck hasemi kwamba matendo huja kwanza na maarifa baadaye. Anasema kwamba viwili hivyo huzaana, na kwamba ukivitenganisha unaviua vyote.

Mtu anaweza kuyasoma maelezo yote ya bandari, akazijua kina za maji na majina ya miamba, na bado asiwe nahodha. Aristotle aliliona jambo hili katika maadili aliposema kwamba tunakuwa wenye haki kwa kutenda yaliyo ya haki. Ludwig Wittgenstein, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuifuata kanuni ni mazoea ya maisha ya pamoja, si picha iliyomo kichwani mwa mtu mmoja. Wasomi wa Kianabaptisti wa miaka ya karibuni walipomsoma Wittgenstein, wengi walisikia sauti waliyoizoea.

Hata hivyo kuna pingamizi zito. Ikiwa anayefuata tu ndiye anayejua, aliye nje hana mahali pa kusimama ili akosoe, na jumuiya inaweza kujifungia ndani ya kauli yake yenyewe. Jibu la jadi ni kwamba kigezo si hisia ya mtu mmoja bali ni kuonyana kwa ndugu, ambako Waanabaptisti walikupa nafasi kubwa kama agizo la Mathayo 18. Jibu hilo lina nguvu pale tu kuonyana kunapofanyika kweli. Kusipofanyika, hoja nzima inayumba, kama swali la 12 linavyoonyesha kwa uchungu.

5. Waliamini kwamba binadamu ana utashi huru?

Walio wengi, ndiyo. Hoja iliyopangwa vizuri zaidi ni ya Hubmaier, aliyeandika vitabu viwili juu ya jambo hilo mwaka 1527 akiwa Nikolsburg, Moravia, miaka michache tu baada ya Erasmus na Luther kupambana juu ya swali hilohilo. Hubmaier alimgawa mwanadamu katika roho, nafsi na mwili. Baada ya anguko mwili umepotea kabisa, roho imebaki timamu ingawa ni mfungwa, na nafsi imejeruhiwa hata haijui tena jema na baya. Neno la Mungu linapoiponya nafsi, hurudishiwa uwezo wa kuchagua. Alitumia pia tofauti aliyojifunza chuoni, kwa mwalimu wake Johann Eck, kati ya uwezo wa Mungu usio na mipaka na uwezo ambao Mungu ameufunga kwa ahadi zake.

Mantiki ya msimamo huu ni rahisi kuiona: ubatizo unaoombwa na mtu asiye na uwezo wa kuomba ni mchezo wa kuigiza. Hubmaier alichomwa moto Vienna tarehe 10 Machi 1528. Maneno aliyopenda kuyaweka katika maandishi yake yalisema kwamba kweli haifi.

6. Kukataa kula kiapo kuna uhusiano gani na falsafa?

Uhusiano ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika ungamo la Schleitheim la tarehe 24 Februari 1527, lililoongozwa na Michael Sattler na lenye ibara saba, ibara ya mwisho inakataza kiapo, kwa msingi wa Mathayo 5:37: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Katika miji ya wakati ule kiapo cha kila mwaka ndicho kilichomfunga raia kwa mji wake, kwa hiyo kukikataa kulionekana kuwa ni uasi.

Hoja ya ndani ni hii: anayeapa anakiri kwamba neno lake lina madaraja mawili, moja la mahakamani na jingine la sokoni, na kwamba hili la pili halimfungi sana. Karne nne baadaye, J. L. Austin wa Oxford alieleza kwamba kusema ni kutenda, na kwamba anayesema "naahidi" haelezi jambo lililomo moyoni bali anajifunga. James McClendon, mteolojia wa Kibaptisti aliyejihesabu kuwa mrithi wa Waanabaptisti, alitumia uchambuzi wa Austin kueleza imani kuwa ni sadikisho ambalo mtu hulitenda kwa kulinena. Naona hapa ndipo mazungumzo ya pande mbili yamezaa matunda waziwazi, maana kila upande umeueleza mwingine jambo ambao haukuwa umelisema vizuri.

7. Je, kukataa upanga si kukwepa wajibu wa kisiasa?

Hili ndilo pingamizi linalorudiwa kuliko yote, na aliyelipa sura ya kifalsafa ni Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani. Katika mhadhara aliotoa Munich mwaka 1919, Weber alieleza dola kuwa ni chombo kinachodai haki ya pekee ya kutumia nguvu halali katika eneo fulani. Akatofautisha maadili ya dhamira, yanayoangalia usafi wa tendo, na maadili ya uwajibikaji, yanayoangalia matokeo yake. Mahubiri ya Mlimani aliyaweka upande wa kwanza.

Jambo la ajabu ni kwamba Schleitheim karibu inakubaliana naye juu ya dola. Inasema kwamba upanga ni agizo la Mungu lililo nje ya ukamilifu wa Kristo: dola inahitaji upanga, ila mfuasi hawezi kuushika. Hubmaier, kwa upande wake, aliukataa msimamo huo, na mwaka 1527 aliandika kwamba Mkristo anaweza kuwa mtawala na kutumia upanga kwa haki. Kwa hiyo anayesema "Waanabaptisti wote walikuwa wapenda amani tangu mwanzo" anakosea.

Katika karne ya 20, John Howard Yoder, mteolojia wa Kimennonite wa Marekani, aliligeuza swali. Badala ya kuuliza kama mfuasi anawajibika vya kutosha, aliuliza ni nani aliyetuambia kwamba kazi yetu ni kushika usukani wa historia, na tunajuaje kwamba mkono wetu unaufikia. Weber anadhani kwamba matokeo yanatabirika kiasi cha kutosha kuhalalisha njia. Yoder anasema kwamba dhana hiyo nayo ni imani, tena isiyo na ushahidi mwingi. Pingamizi lingine linabaki bila jibu kamili: jirani anaposhambuliwa mbele yako, unyenyekevu kuhusu matokeo haumfai yeye.

8. Vipi kuhusu Münster?

Mwaka 1534 hadi 1535 kundi la Waanabaptisti liliuteka mji wa Münster, likaanzisha ufalme, likalazimisha ubatizo na kuruhusu ndoa za wake wengi, hadi mji ulipoangushwa kwa kuzingirwa. Menno Simons, ambaye Wamennonite wanaitwa kwa jina lake na aliyeacha upadri mwaka 1536, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujitenga na urithi huo. Kwa falsafa Münster ni ushahidi unaopaswa kubaki mezani: ujuzi wa "waliofuata" unaweza kugeuka kuwa udhalimu ndani ya miezi michache.

9. Je, ushirika wa mali wa Wahutteri ni sawa na Ujamaa?

Unafanana na Ujamaa kwa nje, lakini misingi yake si ileile. Ushirika huo ulianza Moravia mwaka 1528, wakimbizi walipotandaza joho chini na kila mmoja akaweka juu yake alichokuwa nacho. Peter Riedemann, mmoja wa viongozi wa Wahutteri, akiandika akiwa kifungoni huko Hesse mwanzoni mwa miaka ya 1540, alitoa hoja ninayoiona kuwa nzuri mno: jua, mbingu na hewa vimebaki kuwa vya wote kwa sababu tu mwanadamu hakuweza kuvifikia avinyakue. Navyo vinashuhudia kwamba hata vile alivyoweza kuvinyakua havikuumbwa viwe vya mtu mmoja. Mwaka 1689 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alitoa hoja inayokwenda kinyume, kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu cha wote, kitu hicho kinakuwa chake. Wanafunzi wa falsafa hufundishwa Locke, lakini Riedemann ni nadra kufundishwa.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika maisha ya kijamaa. Kuanzia mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Kwa Mhutteri, amri hiyo ingekuwa imeua jambo lenyewe, kwa sababu kushirikiana mali, kama ubatizo, hakuwi na maana bila ridhaa. Lakini Nyerere alikuwa na taifa zima la kulisha na kusomesha, nao Wahutteri walikuwa jumuiya za waliojichagua. Tofauti hiyo haifai kupuuzwa na upande wowote.

## Kukutana katika historia

10. Ni kweli kwamba Spinoza aliishi kati ya Wamennonite?

Ni kweli kwamba baadhi ya marafiki zake wa karibu walikuwa Wamennonite. Baada ya kutengwa na sinagogi la Amsterdam tarehe 27 Julai 1656, mwanafalsafa Baruch Spinoza alizungukwa na wafanyabiashara kama Jarig Jelles, Pieter Balling na Simon de Vries. Baadhi yao walihudhuria mikutano ya Wakolejianti, ambako hapakuwa na mchungaji na yeyote aliweza kusimama akasema. Kati ya 1661 na 1663 Spinoza aliishi Rijnsburg, kijiji kilichokuwa makao ya mikutano hiyo. Jelles aligharimia uchapishaji wa kitabu chake cha kwanza juu ya Descartes mwaka 1663, na Balling alikitafsiri kwa Kiholanzi. Balling alipofiwa na mtoto, Spinoza alimwandikia barua mwezi Julai 1664 ambayo bado inasomwa. Spinoza alipofariki mwaka 1677, Jelles ndiye aliyeandika dibaji ya kazi zake zilizobaki.

Haifuati kwamba Spinoza alikuwa Mwanabaptisti. Mungu wake, aliye kitu kimoja na maumbile, hakuwa Mungu wa Menno. Kilichowaunganisha ni uhuru wa kusema bila kuogopa baraza la wazee, na imani kwamba dini hupimwa kwa haki na upendo kuliko kwa kanuni za imani. Jelles alijitahidi katika dibaji yake kuonyesha kwamba maandishi ya rafiki yake hayapingani na Ukristo. Wengi wanaona kwamba hakufaulu, lakini bidii hiyo ya rafiki inagusa moyo.

11. Katika karne ya 20 mazungumzo yalichukua sura gani?

Mwezi Desemba 1943 Harold Bender, mwanahistoria wa Goshen, Indiana, alitoa hotuba iliyoeleza kiini cha Uanabaptisti kwa mambo matatu: ufuasi, kanisa kama udugu, na upendo usiopiga. Kizazi kilichofuata kikayapeleka mambo hayo mbali. Kitabu cha Yoder cha 1972 juu ya siasa ya Yesu kilimfikia mteolojia wa Marekani Stanley Hauerwas, ambaye aliyaunganisha mawazo hayo na uchambuzi wa mwanafalsafa Alasdair MacIntyre kuhusu fadhila na mapokeo. Gordon Kaufman, Mmennonite kutoka Kansas aliyefundisha Harvard, alikwenda njia nyingine kabisa. Kwake teolojia ni ujenzi wa fikra za binadamu mbele ya fumbo, na mwaka 1993 alipendekeza Mungu aelezwe kama ubunifu unaotenda ndani ya ulimwengu.

Mabishano yaliyodumu zaidi ni kati ya wateolojia wawili wa Kimennonite, J. Denny Weaver na A. James Reimer. Weaver anasema kwamba kanuni za imani za Nikea na Kalsedonia, zilizotokana na mabaraza ya kanisa ya karne ya 4 na ya 5, zinaruka kutoka kuzaliwa kwa Yesu hadi kifo chake bila kutaja alivyoishi, na ndiyo sababu dola ilizikubali. Reimer alijibu kwamba bila msingi wa Utatu maadili ya amani yananing'inia hewani, na kwamba Waanabaptisti wa karne ya 16 wenyewe walizikiri kanuni hizo. Mimi naelekea kwa Reimer juu ya historia, na kwa Weaver juu ya swali.

## Maswali magumu

12. Tumsomeje Yoder baada ya yaliyojulikana?

Yoder alifariki mwaka 1997. Utafiti uliochapishwa Januari 2015 katika jarida la historia la Wamennonite wa Marekani ulionyesha kwamba kwa miaka mingi aliwadhulumu wanawake kingono, wanaokadiriwa kuzidi 100, na kwamba viongozi waliojua walilishughulikia jambo hilo kwa siri. Mwezi Machi mwaka huohuo seminari ya Kimennonite ya Elkhart, Indiana, ilifanya ibada ya maombolezo na kukiri mbele ya wanawake waliodhulumiwa.

Wanafalsafa wengine husema kwamba hoja haiharibiki kwa sababu ya mwovu aliyeitoa. Kwa kawaida ni sahihi, na hoja yake dhidi ya Weber inaweza kupimwa bila kutaja jina lake. Ila mapokeo haya yana deni la pekee, kwa sababu ndiyo yaliyofundisha kwamba maarifa na maisha havitengani (swali la 4). Mwanabaptisti hawezi kuikumbuka kauli ya Denck anapomhukumu mtawa Cornelis, kisha akaisahau anapofika kwa mwalimu wake mwenyewe. Yoder aliyaeleza matendo yake kwa lugha ya kiteolojia, akiyaita majaribio. Na taratibu za kuonyana kwa Mathayo 18, ambazo alizitetea kwa maandishi, zilitumika kuyaweka faraghani. Kwa hiyo kinachopaswa kuchunguzwa upya ni mafundisho yake yenyewe: nadharia yake ya nguvu ilikuwa kali juu ya dola na karibu bubu juu ya nguvu ya mwanamume, mwalimu na mzee wa kanisa. Wanawake walioandika malalamiko waliujua ukweli huo kabla ya wasomi, na wao ndio waliopaswa kusikilizwa kwanza.

13. Wanawake wamechangia nini katika falsafa yenyewe?

Jina lisiloweza kurukwa ni Grace Jantzen, aliyelelewa katika familia ya Kimennonite huko Saskatchewan, Kanada, na kufundisha Manchester hadi alipofariki mwaka 2006. Alidai kwamba falsafa ya dini ya Magharibi imetawaliwa na kifo: wokovu, kutokufa, kuthibitisha imani. Akichukua wazo la mwanafalsafa Hannah Arendt la kuzaliwa, alipendekeza tuanze na jambo ambalo ni la kila mtu, kwamba sote tumezaliwa na mwanamke na kupokewa na wengine. Jantzen aliliacha kanisa la utoto wake, lakini mashaka yake juu ya fikra inayokumbatia jeuri yanaonyesha alikotoka. Nancey Murphy, wa Kanisa la Ndugu, amefanya kazi tofauti katika falsafa ya sayansi, akitetea kwamba binadamu ni mwili mzima na wala si nafsi iliyofungiwa mwilini.

14. Mazungumzo haya yanatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki?

Wamennonite walifika Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1934, na Kanisa la Mennonite Tanzania likapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, mwaka 1967. Leo waumini wengi wa mapokeo haya duniani wako nje ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ingawa vitabu vya taaluma bado huandikwa kana kwamba wako huko.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba upande wetu umekwisha kutoa kitu. David Shenk, Mmennonite aliyezaliwa Tanganyika kwa wazazi wamisionari, na Badru Kateregga, Mwislamu wa Uganda, walikuwa wakifundisha pamoja Nairobi, na mwaka 1980 walitoa kitabu cha pamoja juu ya Uislamu na Ukristo. Kila mmoja aliandika sura za kueleza imani yake mwenyewe, mwenzake akazijibu, na mara nyingine mwenye sura akapewa nafasi ya kufafanua alipoona hakueleweka. Hawakufichana penye tofauti: juu ya msalaba na juu ya Kurani kila mmoja alibaki pale alipokuwa. Utaratibu huo ndio Mathayo 18 iliyotolewa nje ya kuta za kanisa, mtu akiambiwa ana kwa ana lile ambalo mwenzake hakubaliani nalo, na akisikilizwa hadi mwisho kabla ya kujibiwa.